Uchafu kati ya D na E

Mara ya kwanza Dugald Rennie kukutana na Netta Gilroy, alimpokonya zumari mbele ya watu bila kuvunja sheria yoyote.

Ilikuwa siku bendi ya Ardvannie ilipopiga mnada vifaa vyake vikuukuu nje ya ukumbi, upepo baridi wa kusini ukivuma ule wa kupenya hadi kwenye meno. Netta alikuwa amesimama mstari wa mbele tangu asubuhi, koti la mvua amelifunga hadi kidevuni, macho yote kwenye sanduku moja jeusi. Dugald wakati huo alikuwa kijana anayejijenga, ananunua matrekta yaliyokufa, anayapaka rangi, anawauzia watu wa mkoa wa Southland kama yamefufuka. Hakuwa na haja ya kujua kilichokuwemo sandukuni. Alimtazama yule mwanamke anavyolitazama, akajua mle ndani mna mali. Basi hakungoja zamu ya sanduku kufika. Alimvuta katibu wa bendi pembeni, wakanong'ona, wakapeana mikono, na sanduku likapanda kwenye lori lake kabla mnadi hajalitaja.

Netta alipoambiwa limekwisha ondoka, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye lori. Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

"Hiyo ni zumari ya baba yangu," akasema.

"Ilikuwa," Dugald akamjibu. "Mnada hauna ujamaa, Bi Netta. Ungewahi."

Akawasha lori. Kwenye kioo cha pembeni alimwona bado amesimama vilevile, mikono mbele, kama mtu anayengoja kupakatishwa mtoto. Dugald alicheka njia nzima.

Kisa cha zumari ile kilijulikana na kila mtu isipokuwa yeye, na alipokuja kukijua hakikumnyima usingizi. Mzee Gilroy alikuwa mnyoaji kondoo na mpigaji wa zumari ya mfuko asiye na mfano katika wilaya. Alimfundisha binti yake tangu hajaanza shule. Netta alipofika umri wa kuingia bendi, wazee wa bendi walisema kilti, ile sketi ya wapigaji, ni vazi la mwanamume na duara la bendi si mahali pa msichana, akapike chai. Baba alipofariki, mama mtu akaiazima bendi zumari hiyo mpaka mtu wa ukoo atakapoihitaji. Bendi ikasahau neno kuazima. Netta hakusahau. Alifanya kazi kwenye mabanda ya kunyolea kondoo miaka mingi, mashine ya kushindilia sufu ikamvunja kidole, akakataa posa mbili, na kila bendi ilipokwenda mashindanoni yeye alikuwa amesimama kwenye kamba ya kuzuia watazamaji, mikono mifukoni, akiwataja kwa majina wanaochafua noti. Hakuwa akinong'ona. Watu walimchukia kwa hilo, na zaidi kwa sababu alikuwa akisema kweli.

Dugald aliijua biashara, si zumari. Lakini chombo kile kilikuwa kimetengenezwa kwa mti mweusi mzuri, mabomba yake matatu ya mvumo yakitoa sauti nene, tulivu, iliyoshikamana kama uji mzito. Akaona haya kukiacha dukani. Akajifunza, akaingia bendi, na kwa karibu miaka ishirini akasimama kwenye duara akipiga zumari ya Mzee Gilroy, kifua mbele. Watu walimsifu kwa mvumo ule. Yeye akadhani wanasifu vidole vyake.

Kisha bendi ikapata kiongozi mpya, Lachie Tamatea, dereva wa basi la shule, mtu mpole wa maneno machache. Juma la kwanza aliwakalisha wapigaji wote mezani na zile filimbi ndogo za mazoezi ambazo hazina mfuko wala mvumo. Kila mmoja apige peke yake. Ilipofika zamu ya Dugald, Lachie alisikiliza hadi mwisho akiangalia meza. Halafu akamwambia taratibu kwamba baina ya noti zake mna noti nyingine ambazo hakuna aliyezitunga. Akienda kutoka D hadi E, katikati inachungulia sauti nzito ya chini, fupi, kama mtu anayejikwaa kizingitini. Kwenye mvumo mtu wa kawaida hasikii. Jaji anasikia. Mashindano ya mji wa Invercargill yalikuwa mwishoni mwa kiangazi. Ikiwa uchafu huo haujaondoka, Dugald abaki nje ya duara abebe bendera.

"Nabeba nini?" Dugald akauliza.

"Bendera, kaka. Nayo inahitaji mtu mwenye mabega."

Wenzake walicheka ndani ya vikombe vyao vya chai. Dugald alitoka na hasira ya mtu aliyevuliwa kofia hadharani. Mtu aliyeanza na spana moja, ambaye benki ya mji mzima ilimwamkia, abebe bendera. Aliuliza huku na huku nani anaweza kumnyoosha haraka, akiwa tayari kugharamia. Kila aliyemuuliza alimtajia jina lilelile, tena kwa tabasamu.

Netta aliishi mwisho wa barabara ya changarawe, nyumba ya mabati yenye jiko la makaa ya mawe ambalo halikuwahi kuzimwa. Alifungua mlango, akamtazama Dugald juu hadi chini, akarudi kumenya mizizi ya turnipu mezani bila kumkaribisha wala kumfukuza. Dugald akaingia. Alieleza shida yake kama anavyoeleza mtu anayetaka kununua kitu bila kuonyesha kwamba anakitaka.

"D kwenda E," Netta akasema, bila kugeuka. "Na C kwenda E. Na ukiwa umechoka, hata A ya chini. Miaka yote hiyo nakusikia. Nilidhani utakufa nayo."

"Unaweza kuitoa?"

"Naweza. Zumari ya baba yangu."

Hapo Dugald alikaa vizuri kwenye kiti, maana sasa alikuwa kwenye uwanja wake. Akamtajia lori la kuni zilizopasuliwa. Akamtajia paa jipya, maana lile la zamani lilikuwa limeota kutu. Akamtajia kondoo dume wa ukoo safi, halafu trekta dogo linalowaka kwa mpigo mmoja. Netta alimenya turnipu. Dugald akaanza kushuka badala ya kupanda, ujanja wake wa zamani wa kumtisha muuzaji: akasema labda ni bora aende Dunedin kutafuta mwalimu mwenye vyeti.

"Nenda," Netta akasema. "Ukirudi bei ni ileile."

Alirudi kwenye bei hiyo mwenyewe kabla turnipu hazijaisha. Msimu ulikuwa unakwisha, Dunedin ilikuwa mbali, na bendera ilikuwa karibu. Akajiambia pia jambo lingine ambalo hakulisema. Kwenye bendi zote wapigaji hutumia bomba la vidole, lile lenye matundu, linalotolewa na bendi, ili sauti zifanane. Bomba la vidole la Mzee Gilroy, lililotobolewa kwa mkono, lilikuwa limelala kwenye droo ya Dugald tangu siku ya mnada. Mtu akisema zumari, anaonyeshwa mfuko na mabomba matatu ya mvumo, na biashara imekwisha. Droo itabaki droo. Akanyoosha mkono.

Netta hakuushika. Alijifuta kwenye aproni, akasimama, akaanza kutaja polepole, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya safari: mabomba matatu ya mvumo na pete zake za pembe, kijiti cha kupulizia, vikalio vitano vya kushikia mabomba, sanduku jeusi lenye kitasa kilichopinda, na bomba la vidole la baba yake, lenye alama ya jino la mbwa karibu na tundu la mwisho.

"Mfuko na nguo yake baki navyo," akasema. "Vinanuka jasho lako. Hivyo vingine vyote, siku bendi itakapotoka uwanjani Invercargill, mshinde msishinde."

Dugald alihisi masikio yanamwaka moto. Katika mnada wowote wa mkoa ule hakuna aliyewahi kumwekea vitu mezani kimoja kimoja hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafanyia wengine. Lakini mkono ulikuwa umekwisha nyooshwa. Wakapeana, kwa nguvu, kila mmoja akijaribu kumuumiza mwenzake.

Somo la kwanza lilichukua muda mfupi. Netta alimpa filimbi ya mazoezi, akamwambia apige ngazi ya noti juu na chini, bila madoido. Madoido ndiyo yanayoipa zumari ya mfuko uhai: vile vinoti vidogo kama cheche, kidole kinaruka na kurudi, kimoja kati ya kila noti mbili, kwa sababu pumzi ya zumari haikatiki na hakuna njia nyingine ya kutenganisha noti. Dugald aliweka vidole, akapiga. Cheche zikaruka zenyewe.

"Nimesema bila madoido."

Akajaribu tena. Zikaruka. Vidole vyake havikujua kutoka noti moja kwenda nyingine vikiwa uchi. Mara ya tatu alivishika kwa nia yote, akaenda D, akaenda E bila kitu katikati, na hapo akasikia. Jikoni kimya, hakuna mvumo, hakuna wenzake. Kati ya D na E ilitoka sauti ya chini, kama chura amekanyagwa.

"Ndivyo mlivyo nyote," Netta akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda, na kisu alikuwa amekiweka chini. "Mnafunika. Kidole kinachelewa, mnakirushia doido juu yake kama mtu anayetandika blanketi kwenye godoro lenye mkojo. Halafu mnavaa kilti, mnaitwa wapigaji. Mimi nilikuwa napiga ngazi hii safi nina miaka minane, nikaambiwa nipike chai."

Dugald alimjibu kwamba hakuja kusikia habari za chai. Akasema filimbi ile ya mazoezi ni mbovu, utete wake wa kutolea sauti umekauka, na hata angekuwa nani angechafua. Akaondoka, akaubamiza mlango hadi kikombe kikaanguka.

Ili kumthibitishia kwamba ni mzushi, jioni ile alichukua filimbi yake mwenyewe na kinasa sauti cha kaseti ambacho mkewe hurekodia kwaya. Akapiga wimbo wa pole ambao bendi ilikuwa inauandaa. Akaurudisha. Akausikiliza kwenye karakana, kati ya matrekta. Chura alikuwapo. Alikuwapo kila mahali: kwenye kila kuvuka, kwa adabu zote, akingoja zamu yake. Mbaya zaidi, alipojua anatafuta nini, aliyasikia madoido yakimfunika na hayamfuniki vizuri. Miaka yote ile watu walisimama karibu naye wakasikia hiki, wakampigia makofi. Alikikamata kinasa sauti akataka kukitupa ukutani, akakumbuka ni cha mkewe. Akalipiga teke tairi la trekta. Tairi halikujali.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa Netta. Hakuomba radhi na Netta hakuidai. Alimwonyesha kikombe kilichovunjika, Dugald akaleta kingine kutoka kwenye lori, kibaya zaidi.

"Lete mikono," Netta akasema.

Akaigeuza. Kwenye ncha za vidole vya Dugald matundu ya filimbi yalikuwa yamechora duara nene, jekundu, la kuzama.

"Unakaba," akasema. "Hii si nati ya trekta. Ukikikaba kitu, huwezi kukiachia kwa wakati. Vidole vitatu vya mkono wa chini vinashuka, kidole cha mwisho kinainuka, na hiki cha pete cha mkono wa juu kinainuka. Vyote kwa mara moja. Hiki chako cha pete kimeganda, kinaondoka wenzake wamekwisha fika. Hapo katikati matundu karibu yote yamezibwa. Chura anatoka."

Dugald hakuwahi kufanya kazi ya kuchosha kama ile, na aliwahi kuburuta injini kwa kamba. Aishike D, aikalie, asikilize, kisha ahame kwenda E, aikalie, arudi. Hakuna wimbo. Hakuna cheche. Vidole viwe vyepesi mpaka aone karibu filimbi inadondoka. Netta alimpa mgongo, akimenya au akikunja vipande vya mkate na jibini vya kuchoma, na kila chura alipotoka aligonga kisu kwenye ubao. Zilikuwapo siku ambazo jikoni mle mligongwa kuliko kwa fundi seremala. Dugald alimtukana kimoyomoyo kwa maneno yote ya mnadani. Siku moja yakamtoka mdomoni.

"Wewe unafurahi," akamwambia. "Kila nikikosea unafurahi, mama wewe."

"Nafurahi sana," Netta akasema. "Piga."

Akapiga kwa hasira, na hasira ikamkaza vidole, na chura akatoka mnene kuliko kawaida. Kisu kikagonga. Hapo ndipo alipoelewa, si kwa moyo mwema bali kwa hesabu, kwamba hasira yake ilikuwa inamlipia Netta. Akaiacha mlangoni pamoja na buti. Hakuitupa, alikuwa akiivaa tena akitoka. Lakini ndani alilegeza mabega, akalegeza viganja, akakiacha kile kidole cha pete kikae juu ya tundu lake kama nzi aliyetua. Ikapita siku kisu hakikugonga hadi turnipu zikaisha. Netta aligeuka, akamtazama vidole badala ya uso.

"Rudisha madoido," akasema. Sifa ilikuwa hiyo.

Lachie alipowakalisha tena mezani, Dugald alipiga wimbo wa pole mwanzo hadi mwisho. Lachie aliinua macho, akamwambia bendera imepata mtu mwingine. Wenzake hawakucheka. Dugald alikaa chini akitarajia furaha, na badala yake akasikia, kutoka kwa mtu aliyefuata, chura. Na kwa aliyemfuata huyo, chura. Akamtazama Lachie. Lachie aliinua mabega kidogo, kama kusema: vyura wa hao angalau ni wadogo.

Safari ya kwenda Invercargill Dugald alikaa nyuma ya basi na sanduku jeusi mapajani, akipiga hesabu zake. Mapatano hayakuwa na shahidi. Angeweza kusema kesho. Angeweza kusema juma lijalo, bendi ina maonyesho, tusubiri msimu uishe. Msimu mmoja huzaa mwingine, na Netta hakuwa kijana. Alikuwa amewahi kuchelewesha watu wagumu zaidi. Bomba lenye alama ya jino alikuwa amelibeba, ndani ya soksi, kwenye mfuko wa koti, bila kujiambia kwa nini.

Walipiga vizuri. Duara likafunga, mvumo ukapanda, na kwenye wimbo wa pole Dugald alivuka D kwenda E na hapakuwa na kitu katikati, ila ukingo safi kama wa kisu kipya. Netta alikuwa kwenye kamba. Kwa mara ya kwanza hakutaja jina lake. Bendi ikashika nafasi ya tatu, na jaji, ambaye hakumjua mtu, alimwambia Lachie kwamba yule bwana mnene mwenye zumari ya zamani ana mkono safi.

Basi Dugald akatoka uwanjani akielea, akikumbatiwa na watu, lile neno "kesho" likiwa tayari mdomoni. Netta alikuwa amesimama kati yake na basi. Koti la mvua limefungwa hadi kidevuni. Mikono yote miwili mbele, viganja juu.

"Bi Netta, kesho nitaku—"

"Nilisimama hivi hivi," akasema, kwa sauti ileile ya kwenye kamba, na bendi nzima ikageuka. "Ukaniambia ningewahi. Leo nimewahi."

Watu waliomkumbatia wakaanza kumwachia mmoja mmoja. Dugald aliwaangalia wakimwangalia. Mfanyabiashara anajua siku neno lake linapopimwa mbele ya wateja wake wote. Akishindwa hapo, hata rangi mpya haisaidii. Akapiga goti kwenye majani, akaifungua zumari kipande kwa kipande: mabomba matatu, kijiti, vikalio. Akaviweka sandukuni. Netta aliendelea kunyoosha mikono. Dugald akatoa soksi mfukoni, akavuta bomba la vidole, akaliweka juu ya vingine. Netta akapitisha kidole gumba kwenye alama ya jino la mbwa. Halafu akafunga kitasa kilichopinda, akaondoka bila kuaga. Dugald alipanda basi na mfuko mtupu wa zumari umemning'inia begani kama kuku aliyechinjwa.

Majira ya baridi alikwenda barabara ile ya changarawe kununua mashine ya kukamulia ng'ombe kwa jirani, na alipokuwa akipita akasikia mvumo. Akazima lori. Mvumo ulikuwa uleule, mzito, umeshikamana; hakujua mpaka wakati huo kwamba alikuwa ameukosa kiasi hicho. Zumari ya plastiki aliyoinunua ilikuwa na sauti ya chai ya maji ya vuguvugu. Netta alikuwa amesimama kwenye veranda, akipiga kitu cha pole, vidole vyake vimelala kirahisi. Kisha wimbo ukapanda kwenda E, na katikati, wazi kabisa, akatoka chura.

Dugald alishuka. Alingoja hadi wimbo ukaisha, maana hata yeye alikuwa na adabu fulani.

"E yako inachafuka, Bi Netta," akasema kutoka langoni.

Netta alishusha zumari. Akainua mkono wake wa kushoto, akakionyesha kile kidole cha pete ambacho mashine ya sufu ilikivunja zamani, kilichopona kimepinda na hakikunjuki.

"Najua," akasema. "Changu ni mfupa. Chako kilikuwa uvivu. Toka langoni kwangu."

Akatoka. Nyuma yake zumari ilianza tena, mwanzo wa wimbo uleule, na ilipofika E chura akatoka, naye Netta hakumficha kwa doido lolote. Aliupiga mbele kama mtu anayemlaani mtu.

Hayo ndiyo yaliyobaki kwa kila mmoja. Netta ana zumari ya baba yake na mkono usioweza kuipiga safi. Dugald ana mkono safi na zumari isiyostahili mkono huo, na masikio ambayo hayazimiki: kila Jumatano ya mazoezi anasimama kwenye duara la Ardvannie akisikia uchafu wa kila mtu, wa kulia, wa kushoto, na anakaza meno. Mashindano yaliyofuata, bendi ya mji wa Gore ilipokuwa uwanjani, watu walimwona kwenye kamba, mikono mifukoni, akitaja majina. Upande wa pili wa uwanja Netta naye alikuwa akitaja. Hawakusalimiana. Majina yalikuwa yaleyale.